Abiria wa Nyuma Kushoto

Fundi aliteremsha jeki taratibu, akafuta mikono, akasimama nyuma ya gari kulitazama. Ndipo gari likashusha pumzi. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama ya mtu mnene anayekaa baada ya mwendo mrefu, na upande wa nyuma kushoto ukazama vidole vinne. Hakuna aliyepanda. Milango yote ilikuwa imefungwa, ilikuwa saa nne asubuhi, na jua limejaa gereji nzima.

Akalizunguka, akalisukuma pembe moja baada ya nyingine. Mbele lilipanda na kushuka vizuri. Nyuma kulia vizuri. Nyuma kushoto halikutikisika. Akajiambia ni springi zinajikalia, ingawa springi hakuwa amezigusa. Alichobadilisha ni shokapu tu.

Watu walimwita Springi. Kazi yake ilikuwa miguu ya magari: shokapu, springi, bushi na vyuma vyote vinavyolifanya gari lisimrushe mtu barabarani. Injini hakuzigusa. Mafundi wenzake walitania kwamba Springi akipanda ngazi za nyumba yako atakuambia ni ipi inayolegea, na yeye aliupenda utani huo kuliko alivyokubali.

Gari lilikuwa la dada yake. Dada huyo alikuwa mkunga, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamlipia hata chuo cha ufundi. Alizunguka nalo vijiji vya mlimani, akiwapima wajawazito na kuwashusha hospitali waliokaribia kujifungua. Lilikuwa gari kubwa la zamani, na marehemu shemeji alikuwa ameliinua ili livuke mito bila kumeza maji. Kuinuliwa huko ndiko kulikoleta shida. Shokapu za kawaida zilikuwa fupi kwake. Likiingia shimoni zilivutika hadi mwisho, zikapasuka na kuvuja mafuta. Zilitakiwa ndefu, na za gari la umri ule zilikuwa zimeshaadimika.

Wiki tatu Springi alizunguka maduka ya spea. Duka moja walimpa za gari jingine, tundu la boliti likakataa. Duka jingine muuzaji alicheka, akamshauri alishushe tu gari liwe kama la wenzake. Mwagizaji mmoja alisema miezi miwili, meli ikiwahi. Kila jioni dada alipiga simu. Hakulalamika, aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusumbua. Siku ya ishirini Springi alimjibu kwamba amezipata. Hakuwa amezipata. Maneno yalimtoka mdomoni kwa sababu mafundi wawili walikuwa wamesimama karibu wakisikiliza.

Kesho yake alikwenda kwenye uwanja wa magari mabovu nje ya mji. Mlinzi wa pale, mzee mkavu waliyemwita Kutu, alimwacha azunguke. Karibu na ukuta wa nyuma alilikuta gari aina ileile ya dada, limeinuliwa vilevile, paa limebonyea hadi usawa wa usukani. Lilikuwa limepinduka kwenye kona za mlimani na kuua wote waliokuwamo. Springi alichungulia chini yake. Shokapu nne ndefu, hazijavuja hata tone.

Kutu alikuja nyuma yake, akamwambia aachane nalo. Lile haliuzwi hata boliti, alisema. Watu watatu walishachukua kitu na wote walirudisha, mmoja wao akikimbia. Akamwonyesha lilivyolala: halina injini, halina viti, halina chochote cha kulilemea, lakini nyuma kushoto limekaa chini.

"Mwenye kiti hajashuka," alisema Kutu, wala hakuwa akitania.

Springi aliaga, akazunguka ukuta, akangoja Kutu aende kula. Dakika arobaini zilimtosha.

Gereji alizisugua kwa msasa, akazipuliza rangi nyeusi. Kisha akachukua brashi ndogo na rangi nyeupe, akachora upya namba za kiwandani, moja moja, ulimi umebanwa kwenye meno. Baadaye ile brashi ndiyo iliyomuumiza kuliko wizi wenyewe. Mtu anaweza kuiba kwa pupa, akajisingizia pupa. Lakini hakuna anayechora namba ndogo kwa pupa.

Dada alipokuja kuchukua gari alipiga magoti, akachungulia chini, akazigusa zile namba nyeupe kwa kidole.

"Mpya kabisa," alisema. "Umehangaika, mdogo wangu. Mungu akuweke."

Springi aliitikia amina, huku akiitazama spana mkononi mwake.

Siku za kwanza dada alisema gari linakwenda vizuri, ila limeegemea kidogo. Halafu akasema lina harufu, kama udongo uliolowa na petroli ya zamani, na mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima. Kila anaposimama, alisema, kitu kinashusha pumzi nyuma yake, na akianza kwenda tena kinavuta. Springi alilipandisha kwenye jeki, akabadilisha bushi ambazo hazikuwa na kosa, akamwambia sasa litatulia. Akiwa chini ya gari aliona rangi yake imebanduka kwenye shokapu ya nyuma kushoto. Ilibanduka kwa mistari minne upande mmoja na mmoja upande wa pili, kama mtu alikuwa ameishika akining'inia. Akachukua kopo, akapulizia tena.

Wiki ya pili dada alimshusha mama mmoja na mtoto wake wa miaka mitatu. Njia nzima mtoto alikuwa akigeuka kukitazama kiti cha nyuma kushoto, ambacho hakikuwa na mtu. Mwishowe alimuuliza mama yake kwa nini yule baba amekaa kichwa chini miguu juu. Mama akamwambia anyamaze. Lakini mama mwenyewe hakunyamaza aliporudi kijijini. Habari ikapanda mlima haraka kuliko gari lenyewe linavyopanda, na wanawake wakaanza kusema watakuja kwa miguu, au watangoja, au kwamba mume hajaruhusu.

Dada alimrudishia Springi gari Jumatatu, akamwomba alijaribu mwenyewe barabara ya mlimani, maana huenda yeye ameanza kuzeeka vibaya. Alisema hivyo akicheka. Springi hakuweza kucheka naye.

Aliondoka baada ya chakula cha mchana, madirisha wazi, redio imewashwa. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Kwenye daraja la kwanza redio ilikufa. Kwenye kona ya pili harufu ikaingia, ule udongo mbichi, ingawa upepo wa joto ulikuwa ukipita dirisha hadi dirisha na ulipaswa kuifagia. Halafu nyuma yake, upande wa kushoto, akasikia mkanda wa kiti ukivutwa, taratibu, bila pupa, kama anavyouvuta mtu aliyezoea kufunga mkanda kila siku ya maisha yake, ukavutwa ukapita kifuani pa mtu asiyekuwapo, ukafika mwisho, ukabana: ka! Springi hakugeuka. Alikitazama kile kioo kidogo cha juu na akaona kiti kitupu na mkanda umesimama hewani mbele ya kiti, umejaa, umevimba, ukipanda na kushuka kwa pumzi za kitu kizito, na gari lote likipanda na kushuka nao, na yeye ndani yake akipanda na kushuka, mikono imeganda kwenye usukani, huku kona ya tatu ikimjia na mguu wake ukikataa kutoka kwenye mafuta, mpaka sauti ikasema karibu kabisa na sikio lake, kwa upole wa mtu anayemwomba dereva asiyemjua:

"Polepole, ndugu. Kuna kona."

Alikanyaga breki hadi gari likasimama kando ya barabara. Akafungua mlango, akakimbia. Alikimbia mpaka darajani, akakaa juu ya ukuta wa daraja, akatapika. Watu wawili waliokuwa wakichota maji walimuuliza kama anaumwa, akawaambia ni chakula. Baada ya saa nzima alirudi, kwa kuwa hakuwa na namna ya kumweleza dada gari liko wapi, akaliendesha polepole hadi mjini. Aliyekuwa nyuma hakusema neno tena.

Jioni alimkabidhi dada funguo.

"Umeona nini?" dada aliuliza.

"Hakuna kitu. Gari ni zima."

Jumamosi dada alikuja nyumbani kwa Springi, akakaribishwa mezani. Hakula. Alikaa mikono mapajani, akaeleza kwa sauti ile anayotumia kusomea ripoti. Kulikuwa na mama wa bondeni, mimba yake ya kwanza, na alikuwa anatokwa na damu. Jumatano alimfuata na gari. Yule mama aliufungua mlango wa nyuma, akatazama ndani, akaufunga. Akasema atatembea. Dada alimbembeleza, mumewe akamfokea mbele ya watu, akamwita mwoga na mshamba. Akatembea hivyo hivyo, kwa muda wa saa tatu kwenye jua, dada akimfuata nyuma na gari kwa mwendo wa kobe, mlango umeachwa wazi. Mama alifika hospitali. Mtoto alikuwa ameshafariki.

Springi aliendelea kula. Alisikia mwenyewe meno yake yakitafuna, na hakuweza kuacha, kwa sababu akiacha angelazimika kusema kitu. Mkewe alimtazama kutoka upande wa pili wa meza. Ndiye aliyekuwa amefua ile ovaroli yenye rangi nyeusi na matone madogo meupe.

Dada alipoondoka mkewe alimwambia kwa sauti ya chini amwambie ukweli. Springi akasema kesho.

Kesho yake dada alimtangulia. Alikuwa amemwita Mama Magodoro, mwanamke mpana anayeshona magodoro ya pamba, ambaye watu humwendea pia panapokuwa na kitu nyumbani kisichoeleweka. Springi na mkewe walipofika uani kwa dada, saa sita mchana, Mama Magodoro alikuwa ameshaingia kwenye gari, amekaa nyuma kulia, ubavuni mwa kile kiti, na amefunga mlango. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Mara nyingine alinyamaza, akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza majibu.

Alitoka akiwa ameloa jasho. Akasema si mzimu wa marehemu yeyote. Ni jini la safari, wako wanaopenda kupanda magari kama watu, na huyu alipanda na abiria siku ambayo hawakufika. Amebaki na sauti ya mmoja wao na hajui kwamba safari imekwisha. Hakuja mwenyewe. Ameletwa na vyuma.

"Huyu hukaa palipofichwa kitu," alisema. "Kikisemwa, huondoka. Nani aliligusa gari hili mwisho?"

Wote walikuwa wanajua. Springi alihisi uso unamwaka.

"Ni za mtumba, dada," alisema. "Shokapu. Hazikuwa mpya."

Gari likashusha pumzi, likazama kidole kimoja zaidi.

"Bado," alisema Mama Magodoro.

"Nilizing'oa bila ruhusa."

Likazama tena. Sasa tairi ilikuwa inagusa bodi. Dada alikuwa amesimama, ameshika leso, na macho yake ndiyo yaliyokuwa mabaya, maana hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanamngoja, kama yalivyomngoja alipokuwa mtoto wa miaka saba na alikuwa amevunja kitu.

"Nilizitoa kwenye gari lililoua watu," Springi alisema, na maneno yakaanza kukimbia. "Nilikatazwa, dada, nikaambiwa kabisa. Namba nilichora mimi kwa brashi. Na siku ulipolileta nililijaribu, nilimsikia, alinisemesha kama ninavyokusemesha wewe, nikalitupa barabarani nikakimbia, kisha nikakurudishia funguo."

Dada aliikunja leso mara mbili.

"Siku hiyo ilikuwa Jumatatu," alisema.

"Ndiyo."

"Na Jumatano yule mama akatembea."

Gari likainuka. Lilipanda pole, vyuma vikilia, mpaka likasimama sawa pembe zote nne, na ile harufu ikakatika kama mtu amefunika chungu. Mke wa Springi alianza kulia. Mama Magodoro akafuta uso, akaomba maji. Springi peke yake alihisi kitu kikimkalia mabegani, kizito, chenye baridi ya udongo. Hakusema. Alidhani ni aibu.

Alizifungua shokapu siku hiyohiyo, akazirudisha uwanjani, akamweleza Kutu yote bila kujitetea. Kutu hakumtukana. Alimwongoza hadi ukutani, akamwonyesha lile gari bovu. Lilikuwa limesimama sawasawa.

"Umerudisha vyuma," alisema Kutu. "Mwenyewe hujamrudisha."

Usiku mkewe alibingirika kuelekea upande wake, maana godoro lilikuwa limezama chini ya Springi kama shimo. Asubuhi kigoda cha gereji kilipasuka alipokikalia. Mafundi walicheka wakasema mke anampikia vizuri, halafu mmoja akatazama sakafu ya udongo, akaziona nyayo zake, zimeingia chini kiganja kizima, akaacha kucheka. Springi alikwenda kwa Mama Magodoro. Alimkuta anashona, hakunyanyua macho.

"Umemwambia dada yako. Umemwambia mlinzi. Hujamwambia nani?"

Njia ya bondeni ilikuwa ya mfinyanzi, na siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Springi alishuka kwa miguu. Kila hatua mguu ulizama hadi juu ya kifundo, akaung'oa, ukazama mwingine. Alifika mchana akiwa amechoka kama aliyebeba maiti. Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali yenye mlango wa buluu. Akabisha hodi, na mwanamke mmoja akatoka, kijana kuliko alivyomfikiria, kanga imefungwa kwa nguvu kifuani kama ya mtu mwenye maumivu.

Springi alijitambulisha. Kisha akasema yote, pale mlangoni, amesimama. Alisema uwanja, alisema brashi, alisema sauti iliyomwambia polepole. Alisema Jumatatu. Yule mama alimsikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo kulikuwa na mtu kweli," alisema mwishowe.

"Alikuwapo."

"Mume wangu hasemi na mimi. Anasema woga wangu ndio ulioua mtoto. Hata mimi nilikuwa nimeanza kusema hivyo."

Springi aliinama. Alitaka kuomba msamaha, akaona neno lenyewe dogo, kama kumpa mtu kitambaa nyumba yake ikiungua. Alisema angekuja kumwambia mume pia, wakati wowote watakapotaka.

"Umemaliza?" yule mama aliuliza.

"Nimemaliza."

Akafunga mlango, bila kuubamiza.

Springi aligeuka kuondoka, na alipovuta hatua ya kwanza karibu aanguke mbele, kwa wepesi. Mabega yalikuwa yake. Kifua kilijaa hewa hadi mwisho. Alitembea hatua kumi, ishirini, akiwa na hamu ya kukimbia, akiwazia uso wa mkewe, akiwazia kulala. Kwenye kona ya uzio aligeuka kutazama nyuma, na akaziona safu mbili za nyayo zake: za kuja, zenye kina, zimejaa maji, na za kurudi, nyepesi kama za mtu yeyote. Lakini zile zenye kina hazikuwa zimeishia alipokuwa amesimama. Mbele ya mahali pale palikuwa na nyingine mbili, mbichi, maji yakiingia ndani yake bado, vidole vimeelekea mlangoni, na ya mwisho ilikatwa nusu na kizingiti cha mlango uliofungwa.

Ndani ya nyumba, kitanda au kiti kililia kwa uzito. Kisha sauti ya yule mama, ya chini, ikamuuliza mtu ni nani yupo hapo.

Springi alisimama. Njia ya kupanda ilikuwa mbele yake, iking'aa juani. Hakuna mtu aliyekuwa akimwona. Hakuna ambaye angemuuliza kamwe, maana alikuwa amesema kila alichotakiwa kusema kwa kila aliyetakiwa kuambiwa, na hata Mama Magodoro asingemdai zaidi. Alisimama hivyo kwa muda ambao baadaye hakupenda kuukadiria.

Halafu akarudi. Akabisha hodi mara ya pili, na yule mama alipofungua, uso umempauka, mkono kwenye koo, Springi hakumtazama yeye. Alitazama nyuma yake, kwenye kivuli cha chumba, mahali ambapo kiti cha mbao kilikuwa kimepinda miguu.

"Twende, ndugu," alisema kwa upole. "Hapa sipo tunaposhukia. Ulikuja na mimi."

Akangoja, mlango wazi, kama anavyongoja dereva. Kiti kikanyooka. Ubaridi ukapita kando ya yule mama, ukavuka kizingiti, ukamkalia Springi mabegani kwa utaratibu, kila upande mahali pake.

"Funga mlango, mama," alisema. "Hatarudi."

Alipanda njia ile hadi jua likaegemea, akizama na kujing'oa, na hakumwambia aliyempanda aharakishe.